Kura, kuchagua, kuteua au mchujo: uandike lipi?

"Jumamosi baada ya sala ya alasiri tutapiga kura kumpata mweka hazina." Sentensi hiyo niliichapa mimi, kwa mikono yangu, hapa saibani, kwenye duka la kompyuta mtaa wa Langoni, Amu (yaani Lamu), kwa ajili ya kikundi cha kina mama wanaocheza mchezo wa pesa, ule wa kuchanga na kupokezana kwa zamu. Jumamosi ikafika. Nusu yao walikuja kila mmoja na jina la mtu kichwani. Nusu ya pili walikuja na vijikaratasi vilivyokwisha kunjwa, na kofia ya vito ya mume wa mmoja wao ya kutumbukizia mkono. Bimkubwa mmoja akanigeukia: "Mwanangu, weye uloandika, ulikusudia kura ipi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu tangazo lilikuwa sahihi kwa pande zote mbili. Walivyolimaliza jambo lao nitaeleza mwisho.

Tangu siku hiyo mtu akiniletea tangazo, barua au kumbukumbu za mkutano zenye jambo la uchaguzi ndani yake, simchapii kabla sijamwuliza maswali. Wengine hukasirika: "Kura si kura tu?" Si kura tu. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaa jirani hapa, kama nyumba za Mkomani zilizoegemeana kuta, na anayeingia mlango usiokuwa wake hajui mpaka akutane na wenyewe ndani.

Maswali yangu ni manne. Nani anaamua: watu wengi, mtu mmoja, au bahati? Kuna kitu kitakachohesabiwa? Ukiliondoa neno ukatia kisawe chake, maana itabaki palepale? Na litasomwa na nani: watu wa hapa Amu, afisa wa Nairobi, au jamaa zako wa Unguja? Neno linamfaa mwandishi yupi, hilo hutokana na majibu ya hayo manne.

KURA

Anayeamua. Hapa ndipo ulipozuka mzozo wa kofia. Neno limetoka kwenye Kiarabu, qur'a, na huko ni kuamua jambo kwa bahati. Ndiyo kura iliyomwangukia Nabii Yunus merikebuni, akatupwa baharini. Ndiyo aliyokuwa akiipiga Mtume (s.a.w.) baina ya wake zake alipotaka kusafiri, ijulikane nani atakayefuatana naye. Jirani zetu Wakristo wa Mpeketoni wanaikuta kwenye kisa hichohicho cha Yona, na kitenzi ni hichohicho, kupiga kura. Karatasi za serikali zilipokuja, neno halikubadilishwa. Lilitwikwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, na wa kwanza haukushuka. Katika kura ya kale haamui mtu yeyote, na hiyo ndiyo fadhila yake: aliyekosa hana wa kumnunia. Katika kura ya sasa wanaamua walio wengi, na wa kununiwa hawakosekani.

Ukitaka kujua ni ipi, sikiliza vitenzi vilivyo karibu nayo. Kura ya bahati humwangukia mtu. Kura ya uchaguzi mtu huiomba, huipata, hunyimwa, huibiwa. Hakuna anayeomba kura ya kofiani, na ya kwenye sanduku haimwangukii mtu. Vilevile kwenye bahati tunapigia kura kitu: zamu, mkono wa kwanza wa mchezo, vipande vya shamba la urithi. Kwenye uchaguzi tunampigia mtu. (Hoja bungeni nayo ni kitu na hupigiwa kura, lakini huko hakuna atakayekuja na kofia.) Lau ningeandika "tutawapigia kura wanaotaka uweka hazina", ile kofia ingebaki kichwani kwa mwenyewe.

Kinachohesabiwa. Vijikaratasi vya bahati havihesabiwi, kuchomolewa kimoja kunatosha. Kura ya uchaguzi haijawa kitu mpaka ihesabiwe, na hesabu yenyewe ina masharti yake. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita siku moja: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Kwa hizo tano za chini anayetangulia ndiye mshindi, hata akitangulia kwa kura moja. Kwa rais haitoshi. Katiba yataka apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Kwa sharti hilo la pili, kaunti yetu yenye wadi 10 ina uzito mmoja na Nairobi yenye wadi 85, na sijui kwa nini hatulisemi kwa sauti zaidi.

Visawe. Kwa kura ya kofiani kuna "bahati nasibu", ila usilitumie ovyo. Masikioni mwa wengi hapa linanuka kamari, na mama wa mchezo hataki kuambiwa kuwa anacheza kamari. Vijana wa mpira wana droo. Kwa kura ya sandukuni magazeti yanapenda debe: kwenda debeni, kuamuliwa debeni. Lakini chunga, kupiga kura na kupiga debe si ndugu. Kupiga debe ni kazi ya wale vijana wanaoita abiria pale mabasi yanapopakia Mokowe. Kumpigia mtu debe ni kumsifia kwa watu kabla ya siku kufika. Unaweza kumpigia mtu debe miezi mitatu na siku ya siku ukamnyima kura, wala hilo si jambo geni kwetu.

Kuna pia "sauti". Bungeni Spika huwataka wabunge waseme ndiyo au la, akapima kwa sikio. Waarabu wa leo kura ya uchaguzi waiita sawt, yaani sauti hiyohiyo, na sisi tuliochukua qur'a yao tumeing'ang'ania. Kwa Kiswahili, tangazo likisema "njoo utoe sauti yako", msomaji atafahamu maoni, hatafahamu karatasi. Usilifanye kisawe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Na siwezi kuipita kura ya turufu. Turufu ni neno la wacheza karata: ile inayozila nyingine zote hata zikiwa kubwa. Mwambie mzee yeyote anayecheza karata barazani kwamba wale wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kila mmoja ana kura ya turufu, hatataka tafsiri.

Nje ya Amu. Kura laeleweka pwani yote na bara yote. Kinachobadilika ni vitu vinavyolizunguka. Kwetu kuna sajili ya wapiga kura, Watanzania wana daftari la wapiga kura. Magazeti ya kwetu yanapenda "mwaniaji", ya kwao "mgombea".

Linamfaa katibu anayejua kwamba karatasi zitatolewa na zitahesabiwa, au, kwa maana yake ya kale, kikundi kinachokimbia lawama. Asiyejua bado watatumia njia gani, asiliandike.

KUCHAGUA

Anayeamua. Mwenye kutaka, awe mmoja au elfu. Neno lenyewe halikwambii ni wangapi wala ni kwa njia gani, na upana huo ndio faida yake na ndio hasara yake. Mzee wa Amu hachagui, hutagua, kama anavyokula wali wa mtele na kutazama kwa mato. Mimi kwenye matangazo naandika kuchagua hata kwa wasomaji wa Langoni, kwa sababu nakala moja siku zote hutaka kupelekwa ofisini.

Kinachohesabiwa. Si lazima kitu chochote. Kuchagua ni kazi ya macho na mkono: unachagua samaki, unachagua kitambaa, na mchagua nazi hupata koroma. Karatasi hazimo. Mwaka 1988 Wakenya walisimama foleni, kila mmoja nyuma ya anayemtaka, mchana kweupe, kwenye mchujo wa KANU, chama tawala cha wakati huo, vikahesabiwa vichwa. Mlolongo ndilo jina lililobaki. Kama kusimama kule kunastahili kuitwa kupiga kura, hilo ni bishano ambalo bado linaweza kukupotezea chai ya jioni nzima pale Mkunguni. Lakini "walichagua" hakuna atakayekukatalia, ijapokuwa wako watakaoongeza "kwa hofu".

Visawe. Kuchambua na kupambanua vyakaribia, lakini kiongozi hachambuliwi isipokuwa barazani akiwa hayupo. Chunga zaidi na kubagua. Mwenye kuchagua husogea kwa anachokitaka, mwenye kubagua humsukuma asiyemtaka. Herufi mbili tu zinatofautiana, na nimewahi kumrudishia mteja karatasi yake kwa ajili yake.

Jina lake, uchaguzi, ni jambo jingine tena. Kura ni tendo la dakika chache chumbani kwa pazia; uchaguzi ni msimu mzima, na kampeni zake, fulana zake na mahasimu wake. Kuna uchaguzi mkuu, ambao Katiba imeupangia Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kuna uchaguzi mdogo, kiti kinapobaki wazi. Kuna wa marudio, kama ule wa tarehe 26 Oktoba 2017, baada ya Mahakama ya Juu kufuta matokeo ya rais ya tarehe 8 Agosti. Yote hayo watu huyaita "kura" mdomoni, na mdomoni si vibaya.

Nje ya Amu. Halina utata.

Linamfaa anayetangaza mapema kabla ya kikundi kuamua watatumia mikono, karatasi au kofia. Halimfai anayeandika kumbukumbu baada ya tukio, kwa sababu msomaji atauliza: mlimchagua vipi?

KUTEUA

Anayeamua. Mwenye mamlaka, na mara nyingi ni mtu mmoja au meza moja. Rais huteua mawaziri, Bunge la Taifa likaidhinisha au likakataa. Vyama huteua wabunge 12 wa kukaa pamoja na wale 290 wa maeneo bunge na wanawake 47 wa kaunti. Mjumbe wa kamati aliyeitwa na mwenyekiti tu, hakuchaguliwa, aliteuliwa. Hapa ndipo watu hukosana sana, maana aliyeteuliwa hupenda kuandikiwa kwamba alichaguliwa. Mimi huandika kilichotokea.

Kinachohesabiwa. Hakuna, labda barua.

Visawe. Mtaani neno ni kuwekwa. "Amewekwa na nani?" ni swali lenye pilipili ndani yake, na kuteuliwa huenda pakavu zaidi. Katika mashairi ya zamani kuteua kulikuwa ni kuchagua kilicho bora kabisa, na harufu hiyo bado imo ndani ya "mteule". Lakini neno hilo mteule ni mtego. Rais mteule amekwisha kushinda, anangoja kuapishwa. Waziri mteule ametajwa tu, na anaweza kukataliwa. Mbunge mteule, kwa wanavyosema wengi, ameshakula kiapo na anakaa bungeni, ila hakupigiwa kura na mtu kwa jina lake. Neno moja, hatua tatu tofauti za safari. Kwa huyo wa tatu mimi huandika "wa kuteuliwa" au "maalum", na "mteule" namwachia anayengoja kuapishwa.

Nje ya Amu. Ukimwandikia Mtanzania, jua kwamba kwao msimamizi wa uchaguzi ndiye anayemteua mgombea, yaani anapokea fomu zake na kuzikubali. Sisi hilo tunaliita kuidhinishwa, na kazi hiyo ni ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Kwa hivyo "ameteuliwa" ya kwao inaweza kuwa ni mtu anayekwenda kupigiwa kura. Ya kwetu mara nyingi ni mtu aliyeepukana nazo, isipokuwa pale chama kinapompa tiketi.

Linamfaa mwandishi wa barua rasmi, mwenye ujasiri wa kutaja nani aliteua.

MCHUJO

Chama ndicho kinachoamua, ama kwa wanachama wake kupiga kura, ama kwa wakuu wake kukaa faragha na kutoa tiketi ya moja kwa moja. Kwa hivyo pana hesabu, na wakati mwingine hapana. Neno lenyewe limetoka jikoni. Anayejua kuchuja tui kwa kifumbu anajua kwamba kinachopita ni kinachotakiwa na kinachobaki mkononi ni chicha. Usimwambie aliyeshindwa kwenye mchujo kwamba yeye ni chicha, ingawa neno limeshamwambia. Kisawe chake rasmi ni uteuzi wa chama, nacho chakuvuruga na kuteua kwa hapo juu, basi mimi nashikilia mchujo. Wacheza mpira nao wanalo, na huko halina kinyongo. Linamfaa anayeandika habari za vyama. Kikundi cha kijijini chenye wanaotaka cheo wawili tu hakina mchujo.

KURA YA MAONI

Hili lina utata wa aina yake, na mwenye jamaa Unguja au Dar es Salaam alisome mara mbili.

Anayeamua. Kwetu ni wananchi wote waliosajiliwa, juu ya jambo, si juu ya mtu. Tarehe 21 Novemba 2005 tuliulizwa kuhusu rasimu ya katiba, ndizi ikiwa ndiyo na chungwa likiwa la, na chungwa likashinda mpaka likazaa jina la chama. Tarehe 4 Agosti 2010 tukaulizwa tena, kijani na nyekundu, na Katiba tuliyonayo ikapita. Siku nne tu kabla yake, tarehe 31 Julai 2010, Wazanzibari nao walikuwa na kura yao ya maoni kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, nao wakakubali. Kwa wiki ile neno lilikuwa na maana moja pwani yote.

Lakini siku nyingine Mtanzania akisema "ameshinda kura za maoni", mara nyingi anazungumzia mchujo wa ndani ya chama. Na redio ikisema "kura ya maoni yaonyesha fulani anaongoza", hapo ni watafiti waliowauliza watu wachache kwa simu. Maana tatu, na ya tatu haina uzito wa sheria hata chembe.

Kinachohesabiwa. Ndiyo na la. Hakuna jina la mtu kwenye karatasi.

Visawe. Kwa utafiti wa simu andika "utafiti wa maoni". Kwa mambo ya vyama andika mchujo. Ukifanya hivyo, kura ya maoni itabaki na kazi yake moja ya heshima.

Linamfaa anayewauliza watu wote swali la kukubali au kukataa. Kikundi cha wavuvi kinachotaka kujua kama kiuze mashine ya boti kinaweza kulitumia, kwa kujikweza kidogo.

KUPITA BILA KUPINGWA

Si kura, si uteuzi, na ndiyo njia ya vikundi vingi vya hapa. Jina linatajwa, kimya kinapita, mtu anatikisa kichwa, basi. Hesabu hamna. Ukiandika kwamba "alipigiwa kura" umesema uongo mdogo ambao siku ya ugomvi utakuwa mkubwa. Andika nani alipendekeza, nani aliunga mkono, na kwamba hakujitokeza mwingine.

SASA, KWA HALI YAKO

Unatangaza mkutano na njia haijajulikana: andika "kuchagua". Hakuna atakayekuja na kofia, na wakiamua kofia siku hiyo hutakuwa umewazuia.

Njia imeshajulikana na karatasi zitakuwapo: andika "kura ya siri", na utaje wanaopigiwa. Ikiwa ni mikono juu, andika "kura ya wazi".

Mnagawana zamu, viwanja au mkono wa mchezo, na hamtaki kununiana: "kupiga kura" ndilo neno lenyewe la asili, ila ongeza "kwa vijikaratasi" au "kwa bahati" ili kijana aliyezoea sanduku asipotee.

Unaandika kumbukumbu za kikao ambacho mwenyekiti ndiye aliyetaja majina: "aliteuliwa na mwenyekiti". Akikuomba ulibadilishe, mpe kalamu aandike yeye.

Barua inakwenda Unguja: epuka "kura za maoni" kwa mambo ya vyama, na ukisema "ameteuliwa" ongeza maneno matatu manne ya kueleza. Barua inakwenda Nairobi: chunga "mteule".

Unaandika shairi: tagua, na usimwulize mtu.

Na wale kina mama? Walibishana mpaka karibu na magharibi. Mwisho walitaja majina, wakainua mikono, wakabaki na watatu waliolingana. Hapo ndipo kofia ikaletwa. Nikaombwa niandike kumbukumbu palepale, nao wamesimama juu ya bega langu wakinitazama kila neno. Nikaandika: "Walichaguliwa watatu, wakapigiwa kura, kura ikamwangukia mmoja." Bimkubwa akasoma, akarudia kusoma, akasema, "Haya, tupe na nakala."